Mtani wa Mama Bondeni Msimbazi

Nina hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba ninayoyasimulia yaliletwa na serikali, au na mgambo, au na ubaya wa miaka ile. Vyote hivyo vilikuwepo, sikatai. Lakini mdomo ulikuwa wangu.

Mimi na mama tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kariakoo, upande unaoelekea Mchikichini. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Posta, na nilikuwa na kitambulisho cha kazi chenye picha yangu na muhuri, nilichokitia kwenye mfuko wa nailoni kisije kikalowa. Mama hakuwa nacho. Alikuwa mjane, Mzaramo wa hapa hapa, na kila asubuhi alikaanga vitumbua barazani. Vikiisha alitia jembe begani akashuka bonde la Msimbazi, kwenye kipande cha mpunga alichoachiwa na mama yake. Mchele wa vitumbua ulitoka humo humo. Ukimwuliza kazi yake angekujibu kuwa yeye ni mkulima, na hakuwa anaongopa. Lakini mkulima anayelala Kariakoo nani atamwamini?

Ilikuwa imetangazwa kwamba kila mwenye nguvu lazima awe na kazi, na asiye na kazi mjini arudi kijijini akalime. Mgambo walipita mitaani kuuliza vitambulisho. Mwanamke asiye na mume wala karatasi aliitwa mzururaji, hata awe na mvi. Fundi viatu wa jirani yetu walimchukua barazani akiwa na sindano mkononi na kiatu cha mteja mapajani, na kile kiatu kilikaa pale siku tatu, hakuna aliyethubutu kukigusa. Waliokamatwa walipandishwa lori wakapelekwa vijiji vya mbali. Najua, kwa sababu orodha za majina nilizichapa mimi, nakala nne nne, na sikupata kuona orodha ya waliorudi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mwema, lakini mwoga. Alimwambia mama kwamba yeye hawezi kuandika habari za shamba asilolijua. Aende kwa balozi wa kule liliko shamba, Kigogo, ng'ambo ya mto, aandikiwe barua yenye muhuri kwamba ni mkulima. Kisha akanong'ona kuwa mtaa wetu ungepekuliwa Jumatatu. Alitwambia hayo Jumamosi jioni. Tulikuwa na Jumapili moja tu.

Nilitaka twende kwa barabara, tufike haraka. Mama akasema barabarani kuna vizuizi, huku daraja la Jangwani na kule Ilala. Tutapita bondeni, njia yake ya siku zote. Tukaondoka baada ya alfajiri, yeye mbele na jembe lake, kikapu kichwani, mimi nyuma na viatu vya ofisini. Viatu hivyo nilivivaa makusudi. Nilidhani mgambo akiviona ataniheshimu.

Tulishukia Mchikichini, na hatua mia moja tu kutoka nyumba za mwisho mji ukaisha. Masika ilikuwa imekatika wiki chache nyuma. Majani yalikuwa yamenifika kiunoni, na umande ulinilowesha gauni mpaka mapajani. Mto ulikuwa kuliani kwetu, umejificha nyuma ya matete, tunausikia tu. Yangeyange weupe walikuwa wamejaa penye majani mafupi, wanatembea polepole na kudonoa panzi, na kila tulipokaribia waliruka kidogo wakatua mbele yetu tena. Nilikerwa nao. Niliona kwamba mtu akiwa juu Ilala akiwaona wanaruka hivyo, atajua kuna watu wanapita chini.

Mama hakuwa na haraka. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisimama kunionyesha kenge, mrefu kama mkono wa mtu mzima, amejianika kwenye tope akitutolea ulimi. Alisimama tena kutazama mdiria aliyekaa juu ya tete, wa buluu, mdomo mwekundu, akaniambia nisimsemeshe mtu mpaka ndege yule ajitose majini. Tukangoja. Alipojitosa na kutoka na kisamaki, mama akasema leo kuna heri. Nilimwambia heri ni muhuri wa balozi. Akaendelea kutembea.

Alilijua bonde lile kuliko mimi nilivyolijua Soko la Kariakoo. Alinionyesha mahali ambapo, yeye akiwa mtoto, viboko walipanda usiku wakala mpunga, na wanaume wakawa wanapiga madebe hadi asubuhi. Alinionyesha kwamba bahari ikijaa sana maji ya chumvi hupanda hadi Jangwani, ndiyo maana chini kule hapaoti kitu. Akanionyesha uwanja mmoja mpana wenye majani laini, akasema hapo ndipo Wanyamwezi walipokuwa wakipumzika zamani za misafara, wamebeba pembe za ndovu kutoka bara. Walioga mtoni wakatoa vumbi la miezi mitatu kabla ya kuingia mjini. Bibi yake aliwauzia mihogo. Wengine waliugua, na Wazaramo wakawazika papo hapo ukingoni. Alisema ndivyo utani wao ulivyoanza, kwa kulishana na kuzikana.

Nilimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye filimbi. Tangu tuliposhuka nilikuwa nasikia filimbi ya mgambo upande wa Ilala, mara mbali, mara karibu. Nilimhimiza. Nilimwambia mama, watakuja kukuchukua huku unahesabu ndege. Akasema anayekimbia bondeni anaonekana mwizi, anayetembea anaonekana yuko kwake.

Tulifika penye mashamba ya mpunga. Masuke yalikuwa yameanza kuinama. Mama aliingia kwenye jaruba lake, akashika suke moja, akalibonyeza kwa kucha, akasema bado wiki tatu. Alifurahi. Nilimwona uso wake, na nilipata uchungu ambao mpaka leo sijui kuueleza, kwa sababu nilikuwa nawaza lori.

Kutoka pale njia inakwenda kidogo kisha inagawanyika. Ya kulia inateremka kwenye magogo mawili ya mnazi yaliyolazwa juu ya mto, na ukivuka upo Kigogo. Ya kushoto inapanda Ilala. Hatukuwa tumefika hapo wakati mgambo wawili walipotokeza kwenye matete.

Mmoja alikuwa mtu wa makamo, filimbi shingoni, ndiye mkubwa. Wa pili alikuwa kijana mrefu mwenye rungu. Kijana akamwamkia mama shikamoo, mama akamwitikia. Mkubwa akaomba vitambulisho. Nilikitoa changu upesi hata mfuko wa nailoni ukachanika. Alikitazama, akanitazama, akakitazama tena. Nilijua likitoka jicho kwenye picha ile litakwenda kwa mama.

Kabla halijaenda, mama akamgeukia yule kijana. Akamwuliza sauti ile ni ya wapi.

"Tabora, mama," kijana akasema. "Urambo."

Mama akatua kikapu chini, akajishika kiuno.

"Kumbe mtumwa wangu! Na hizo buti nani kakuvisha, wewe uliyezoea kubeba mizigo pekupeku?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua habari ya utani, nani asiyeijua, lakini niliujua kama jambo la misibani na la wazee. Mimi nilikulia Kariakoo, nimesomea taipu. Nilijua kwamba mtani hukutukana usikasirike, huchukua kitu chako usidai, na ukifa huja kukuzika na kuwachekesha wafiwa. Nilijua pia kuwa katika utani anayekasirika ndiye mwenye makosa. Nilijua hayo yote kama mtu anavyojua njia ya mji asiowahi kufika.

Kijana alimtupia jicho mkubwa wake, mara moja tu. Kisha akacheka.

"Mtumwa nani? Babu yangu alimnunua bibi yako kwa jembe moja bovu, tena akarudishiwa chenji."

Mama akasema jembe hilo babu alilibeba kichwani toka Tabora, ndiyo maana vichwa vyao bapa hadi leo. Kijana akasema afadhali kichwa bapa kuliko kichwa cha Mzaramo, ambacho mvua ikinyesha kinasinzia. Mama akamwambia alale na yeye basi, maana wageni walifika pwani wakasahau kurudi. Walikuwa wanapokezana, hakuna aliyengoja mwenzake amalize. Yule mkubwa alicheka mpaka akapangusa macho. Akasema kwao Moshi kazi hiyo wanawafanyia Wapare. Akanirudishia kitambulisho changu huku akicheka. Mama hakuulizwa kitu.

Narudia, hakuulizwa kitu. Nililiona hilo kwa macho yangu, na halikuniingia akilini.

Kijana akachukua jembe la mama akalitia begani, akatwaa kikapu akakitia kichwani mwake. Kisha akamkamata mama mkono.

"Basi leo nimekupata, mtoro mkubwa wewe. Nakurudisha Tabora ukanilimie tumbaku."

"Nipeleke," mama akasema. "Lakini nikifika silimi, nacheza ngoma tu."

Wakaanza kutembea, kijana anamvuta, mama anajifanya kugoma. Mkubwa nyuma yao, anacheka. Mimi wa mwisho. Tulikuwa tunakwenda kwenye ile njia panda. Mbele, juu upande wa Ilala, majani yaliachana na nikaona kichwa cha lori. Juu ya lori walikuwa wamesimama watu, na hakuna aliyekuwa anazungumza na mwenzake.

Hapo damu ilinipanda. Niliutazama mkono wa yule kijana ulivyomkaza mama, niliutazama mgongo wa mkubwa unavyotikisika kwa kicheko, nikasema ndani yangu, kumbe hivi ndivyo wanavyowachukua. Wanawachekesha. Wanawafikisha kwenye lori wakiwa bado wanacheka. Nilikumbuka majina niliyoyachapa, nikajiuliza wangapi walitembezwa hivi. Nikamwona mama yangu mjinga, Mungu anisamehe, nikamwona anajipeleka mwenyewe.

Mama akageuka. Aliniona uso wangu, maana alinijua tangu tumboni. Akasema kwa sauti ya kucheka, "Mwanangu usinililie. Naenda kuolewa."

Macho yake hayakuwa yanacheka. Yalikuwa yananiambia nyamaza. Leo nayaona wazi kabisa. Siku ile niliona macho ya mtu anayeomba msaada.

"Mwacheni mama yangu," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, yangeyange wakaruka. "Mnamkamatia nini? Barua yake tunaifuata sasa hivi kwa balozi Kigogo."

Mkubwa akaacha kucheka. Alisimama akanigeukia taratibu, kama mtu aliyeamshwa.

"Barua gani?"

Hakungoja jibu. Akamwendea mama, akamwuliza kwa adabu kabisa, mama, una kitambulisho? Mama akatazama miguu yake yenye tope. Akasema, "Sina, baba."

Yule kijana alikuwa amemwachia mkono. Mkubwa akamwambia amshike. Akamshika tena, na safari hii alimshika polepole, kama anavyoshikwa mgonjwa.

Nilifanya yote niliyoyaweza, na yote yaliharibu zaidi. Nilitaja ofisi yangu. Nilisema mama ananitegemea mimi. Akasema wategemezi ni watoto. Nilisema nitamshtaki kwa wakubwa wake, na hapo kijana akafumba macho. Yule mkubwa hakuwa mtu mbaya. Ningefarijika sana kama angekuwa mbaya. Aliniambia, "Dada, mimi nilikuwa sijauliza. Umeniambia mwenyewe mbele ya mwenzangu. Sasa nifanyeje?"

Tulipofika njia panda mkubwa alitangulia kupanda. Kijana akanikabidhi kikapu. Akanionyesha kwa kidevu yale magogo mawili ya mnazi, hatua kama thelathini tu, maji yanapita chini yake.

"Nilikuwa namvusha," akasema.

Mama alimwambia kijana abaki na jembe, mtani hanyimwi, kisha akakusanya kanga yake akapanda kwa miguu yake mwenyewe kuelekea lilipo lori, kijana akimshika kiwiko penye utelezi.

Nilivua viatu nikavuka yale magogo nikikimbia. Balozi wa Kigogo nilimkuta uani, anakunywa chai ya rangi bila sukari. Alimjua mama tangu wakiwa watoto wanafukuza ndege kwenye mpunga. Hakuuliza maswali. Alichana ukurasa wa daftari, akaandika kwamba huyu ni mkulima wa bonde hili, na mama yake kabla yake, na bibi yake kabla ya mama yake. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa, taratibu, na mimi nimesimama nimeng'ata kidole. Kidau cha wino wa muhuri kilikuwa kimekauka. Akadondoshea chai, akagonga, haukutoka, akagonga tena. Mara ya tatu ukatoka nusu.

Niliporudi juu Ilala lori halikuwepo. Palikuwa na alama za matairi kwenye tope, na mama mmoja anafagia mbele ya nyumba yake kana kwamba asubuhi ile haikuwa na kitu. Nikamwuliza. Akasema limeondoka sasa hivi tu, kabla hata hajamaliza uwanja. Nilikwenda walikokuwa wanawakusanya, nikawaonyesha barua. Waliisoma, wakasema ni barua nzuri, ningeileta mapema. Lile lori halikupita hapo, lilipitiliza moja kwa moja.

Wiki tatu baadaye mpunga uliiva. Nilikwenda Jumapili peke yangu kuuvuna na sikuwa najua kuvuna. Chiriku walikuwa wamekula nusu katika siku nilizokuwa kazini. Nilibeba kilichobaki kichwani hadi Kariakoo, nikakitia chini ya kitanda cha mama, sikukipika.

Mama alirudi baada ya mavuno ya pili, kwa miguu yake, hakuna aliyemrudisha. Alikuwa amekonda na amekuwa mweusi, na amebeba mahindi ya kuchoma kwenye kiroba. Aliingia, akaniuliza kama mafuta ya taa yanapatikana, akakaa. Nilimpigia magoti. Nilimwomba radhi kwa maneno niliyoyapanga kwa mwaka mzima na kidogo. Akaniambia amekwisha nisamehe, niinuke niteleke maji. Nikainuka. Nilidhani yamekwisha.

Jioni majirani wakaja kumpa pole. Chumba kilijaa, wengine wakakaa mlangoni. Mama alikuwa msimuliaji, na aliwasimulia yote: kijiji, tembo walioingia mahindini, mwenyekiti aliyetaka kumwoa. Akawasimulia na siku ile ya bondeni. Aliigiza yule kijana anavyomvuta, akaigiza yule mkubwa anavyopangusa macho. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa nazungusha chai. Mwanamke mmoja akamwuliza kama amemsamehe yule Mnyamwezi aliyemkamata.

"Yule mtoto alikuwa ananivusha," mama akasema. Akaninyoshea mkono, bado anacheka. "Aliyenikamata ni huyu hapa."

Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana. Babu na mjukuu hutaniana, na mtu na shemeji yake. Mama na mwanawe hawana utani.